Gramu kumi za parachichi zilizonirudisha nyumbani

Nina miti mia na arobaini ya parachichi aina ya Hass huku Rungwe, mkoani Mbeya, si mingi kwa jinsi watu wanavyopanda siku hizi. Tangu Rais Samia aende Beijing Novemba 2022 na makubaliano ya kupeleka parachichi China yakasainiwa, simu ninazopigiwa ni zilezile: "Kaka, China imefunguka, sasa tunaanzaje?" Nikijibu kwamba waanze kwa kununua mizani ya jikoni, wengine wanadhani nawaficha wanunuzi.

Wengi tunafikiri serikali ikisaini, kuna Mchina anapanda ndege mpaka uwanja wa Songwe na begi la hela. Kinachosainiwa hasa ni masharti ya afya ya mimea: wadudu gani hawatakiwi, mashamba na viwanda vya kufungashia vipi vimesajiliwa, nani anakagua na nani anatoa cheti. Kwa upande wetu kazi hiyo ni ya TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Bila hayo hata ukimpata mnunuzi mwenye hela taslimu, mzigo hautoki. Hiyo ndiyo kazi ya serikali, na kwa kweli naiheshimu. Ila tunda lenyewe linabaki kuwa shauri lako.

Msimu wangu wa kwanza nilijaza kreti hamsini. Matunda makubwa, ya kijani, yanang'aa, nikayapiga na picha. Tulipofika kiwandani, kijana wa koti jeupe alitoa matunda matano kutoka kreti tofauti, akayapasua, akakwangua nyama yake kama mtu anayekuna nazi, akapima gramu kumi juu ya kisahani. Akaweka kwenye maikrowevu kwa moto mdogo, akatoa, akapima, akarudisha, akapima tena, mpaka uzito ukaacha kushuka. Kilichobaki kilikuwa kama pumba. Mizani ikasoma 1.8.

"Mzee, asilimia kumi na nane. Changa hizi."

Nikabishana naye, nikamwonyesha ukubwa. Akanijibu kwa upole kwamba ukubwa si ukomavu. Kiwango cha kimataifa kinataka Hass ibaki na angalau asilimia 21 ikishakaushwa maji, na wanunuzi wengi wanadai zaidi ya hapo. Parachichi haliivi likiwa mtini, linaiva baada ya kuchumwa; ukilichuma changa haliivi vizuri, linasinyaa na kuwa kama mpira. Sasa hebu fikiria limekaa wiki kadhaa baharini kwenye kontena la ubaridi, mama mmoja huko ng'ambo analinunua, analisubiri lilainike, halilainiki. Hanunui tena lenye jina la Tanzania.

Kreti zote hamsini zikarudi. Gharama ya gari juu yangu. Nyingine niliziuza Tukuyu kwa bei ya aibu, nyingine zikaliwa na nguruwe wa jirani.

Siku hizi kikundi chetu kina mizani inayosoma mpaka sehemu ya kumi ya gramu, na maikrowevu tuliyonunua kwa mtu aliyekuwa anahama Mbeya mjini. Tunapima kabla ya kumwita mnunuzi. Chukua matunda pande zote za mti, maana Hass inaweza kutoa maua zaidi ya mara moja, na mti mmoja ukabeba matunda ya rika tofauti. Ndiyo maana simpendi dalali anayekuja jioni na lori akitaka kupukutisha mti mzima. Bei yake ya papo hapo inavutia, hasa ada za shule zikikaribia, lakini anachanganya changa na komavu, na tunda likikataliwa huko mbele linakataliwa kwa jina la Rungwe yote.

Halafu mkasi. Usivute tunda. Kata, ubakize kikonyo kifupi kisichozidi milimita kumi. Ukikinyofoa, pale pana kidonda na uozo unaingia hapohapo. Niliwahi kumweleza hivyo mama mmoja jirani yangu, akacheka: "Mwanangu, parachichi nalo lina kitovu?" Sasa yeye ndiye mkali kuliko wote kwenye kikundi, akiona kijana anatikisa tawi anamfukuza.

Nunua na daftari la shilingi chache. Andika siku uliyopuliza dawa, dawa gani, kiasi gani, na siku uliyovuna. Mabaki ya viuatilifu yanapimwa, na mkaguzi hataki hadithi, anataka tarehe.

Kuhusu maonesho ya wakulima ya Nanenane pale Mbeya, viwanja vya John Mwakangale, nenda, lakini usiende kukusanya kadi za biashara. Nina kadi za miaka mitatu kwenye bahasha na hakuna hata moja iliyonunua tunda. Nenda kwenye mabanda ya watu wa ukaguzi na utafiti, wale wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole wakiwemo, ukae nao nusu saa na maswali yako.

Tena usidharau mipaka ya hapa jirani kwa sababu umesikia Ulaya na China. Kasumulu, mpakani na Malawi, na Tunduma, mpakani na Zambia, zimelisha nyumba nyingi kuliko kontena. Ila nako karatasi ni karatasi. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi yetu kwa hoja ya sumukuvu, sumu inayotokana na kuvu kwenye nafaka, na ilipofungua ikataka cheti kinachoonyesha sumu haizidi sehemu kumi kwa bilioni. Machi 2025 Malawi nayo ikazuia mchele, tangawizi, ndizi na mahindi kutoka nje. Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi, kisha mazungumzo yakafanyika na zuio letu likaondolewa. Mkulima wa ndizi hawezi kuingia kwenye kikao cha mawaziri. Anachoweza ni kutotegemea mpaka mmoja, na kuuliza ofisi ya ukaguzi kabla ya kukata mkungu, si baada ya kupakia.

Msimu uliopita yule kijana wa koti jeupe alinipimia tena. 2.5. Hakusema kitu, akaandika tu kwenye fomu na kuniambia nishushe mzigo kivulini.