Koffi na Quartier Latin ya zamani: warudi?

Mkuu, umeuliza kama Koffi Olomide, mwanamuziki wa Kongo, awakusanye tena vijana wake wa zamani wa Quartier Latin, bendi yake. Kwa shoo moja, ndiyo. Bendi ya kudumu, hapana. Fally Ipupa, mmoja wa vijana hao, alishajitoa na albamu yake Droit Chemin mwaka 2006, leo naye ni bosi. Nani atamwambia asimame nyuma ya Koffi aitikie? Hata bendi ya Wenge Musica, waliosambaratika 1997, walipanda jukwaa moja tena kwa shoo Kinshasa Juni 2022. Ila mimi ninachokikosa ni lile sebene (sehemu ya wimbo ya kucheza) la albamu ya Koffi, Effrakata: gitaa la solo linachomoza, rapa anapayuka, na harusini hata shangazi anaweka sahani ya pilau chini. Kinanda peke yake hakifiki hapo.