Kusoma utabiri wa bahari kabla ya kung'oa nanga

Kusi, upepo wa msimu utokao kusini, ikishakaza, kati ya Juni na Agosti, taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hurudia maneno karibu yaleyale: angalizo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita mbili, ukanda wote wa pwani, Unguja na Pemba zikiwemo. Nahodha wa meli ya makontena hata hageuki. Mwenye ngalawa anajua leo hakuna safari. Kazi ni ya aliye katikati, mwenye boti ya faiba ya mashine moja au mashua ya mizigo. Kwake jibu la kutoka au kukaa limo katika mambo ambayo taarifa ya pwani nzima haiwezi kumwambia: atakuwa wapi saa ngapi, maji yatakuwa yanajaa au yanakupwa, na upepo utampiga upande gani.

Tuanze na hizo mita mbili. Urefu wa wimbi unaotajwa kwenye utabiri si wa wimbi kubwa kuliko yote. Ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi. Ukikaa baharini saa tatu hivi, tegemea kupata angalau wimbi moja linalokaribia mara mbili ya namba hiyo. Kwa hiyo "mita mbili" maana yake mengi yatakuwa chini ya hapo, na moja litakuja na mita tatu na nusu au nne. Boti ijazwe abiria kwa kufikiria hilo moja.

Upepo nao ni wastani. Kilomita 40 kwa saa ni noti 21 na ushee (noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa), lakini upepo huja kwa mikupuo, na mkupuo mmoja unaweza kupita wastani kwa theluthi moja au hata nusu. Tena nguvu ya upepo haipandi sawasawa na kasi yake. Kasi ikitoka noti 15 kufika 21, msukumo kwenye tanga unakuwa karibu mara mbili. Ndiyo maana tanga lililokuwa salama asubuhi linapasuka saa saba mchana, na watu wanasema upepo uliongezeka kidogo tu.

Namba ambayo wengi huiruka ni sekunde kati ya wimbi na wimbi. Programu nyingi za simu huionyesha pembeni ya urefu. Wimbi la mita mbili kila baada ya sekunde 6 lina mita 55 hivi toka kilele hadi kilele: ni fupi, limesimama, omo, yaani mbele ya chombo, inazama kabla haijainuka vizuri. Wimbi la urefu huohuo kila baada ya sekunde 12 lina zaidi ya mita 220, na kwenye kina kirefu boti hupanda na kushuka polepole hata abiria asione shida. Ila usilipende haraka. Hilo refu limetoka mbali kusini, na likifika kwenye mwamba hupunguza mwendo, hujikusanya na kuinuka. Nje ya mwamba bahari inaonekana shwari, na kwenye mlango wa kuingilia, lile pengo la mwamba, mawimbi yanavunjika. Hapo ndipo boti hupinduliwa, tena karibu na nyumbani. Maji yakiwa yanakupwa ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa yanatoka mlangoni kwa kasi yakikutana uso kwa uso na wimbi linaloingia. Panga kuingia maji yakiwa yanajaa au yamesimama. Ukichelewa, subiri nje, hesabu mawimbi, ufuate nyuma ya lile kubwa la mwisho.

Hapo tunafika kwenye mkondo, na kwa maoni yangu huu ndio unaosahaulika kuliko yote. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huenda kaskazini mwaka mzima mbele ya Tanzania. Wakati wa kusi husukumwa na upepo na unaweza kufika noti nne. Wakati wa kaskazi hupungua, lakini hapa Tanzania haugeuki. Kwa hiyo kaskazi, ambayo wageni huiona ni msimu mpole, ina kasoro yake: upepo unatoka kaskazini na mkondo unakwenda kaskazini, vinapigana. Noti 15 za upepo juu ya mkondo wa noti mbili hutoa mawimbi mafupi yenye kichwa cheupe ambayo utabiri wa mita moja haukuyataja. Ukitoka Nungwi kwenda Pemba Januari, tazama mkondo kwanza, upepo baadaye. Siku za bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji kwetu hupanda na kushuka mita tatu hadi nne na mikondo ya milangoni huwa mikali. Safari ngumu isiyo na haraka iahirishe mpaka maji mafu, siku ambazo maji hupanda na kushuka kidogo.

Kuhusu saa, karibu na pwani alfajiri mara nyingi huwa tulivu, upepo huanza kuamka saa tatu au nne asubuhi na kufika kilele alasiri. Mtego wake ni wa kurudi. Wakati wa kusi unakwenda kaskazini saa moja asubuhi upepo ukiwa mgongoni, mafuta hayaliki, kila mtu anacheka. Unageuza saa nane, upepo umekaza na uko usoni, na mashine inakula maradufu. Theluthi ya mafuta iwe ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ibaki tangini. Meli ya abiria MV Skagit ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe Julai 18, 2012, katikati ya kusi, na ile haikuwa ngalawa.

Simu inasaidia, mradi ujue unachokitazama. Picha zote zile za rangi zinatoka kwenye mifumo michache ya kompyuta, hasa ya Ulaya na ya Marekani, inayoendeshwa kuanzia saa 00, 06, 12 na 18 za dunia. Kwetu hizo ni saa tisa usiku, saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri na saa tatu usiku, na matokeo hutoka saa kadhaa baadaye. Angalia umeletewa ya lini, maana simu isiyo na bando itakuonyesha ya jana bila kukuambia. Linganisha mifumo miwili. Ikikubaliana, vizuri. Ikitofautiana, fuata ile mbaya. Na usitegemee mfumo wowote uone wingu moja la masika. Kila kimraba chake ni kilomita nyingi, ilhali dhoruba ya mvua inaweza kuwa na kilomita tano. Wingu jeusi lenye ukingo wa chini ulionyooka, hewa ikipoa ghafla: shusha tanga na vaa jaketi la kuokolea kabla ya tone la kwanza.

Sasa vimbunga. Kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, kituo chenye dhamana ni cha Ufaransa kilichoko kisiwani Réunion, na mamlaka za nchi hutoa tahadhari zao kwa wananchi. Dhoruba hupewa jina upepo wake ukifika noti 34, na huitwa kimbunga kamili kwenye noti 64. Hapo pana jambo linalowachanganya wanaofuatilia mitandaoni. Réunion hupima wastani wa dakika 10, Wamarekani wa dakika moja, kituo cha India cha New Delhi wa dakika tatu. Dhoruba ileile itaonekana kali zaidi kwenye kurasa za Kimarekani bila kubadilika chochote. "Daraja la 3" la Florida, la mizani ya Kimarekani, usililinganishe na taarifa ya hapa. Misimu nayo haifanani: Atlantiki ni Juni hadi Novemba, kwetu hasa Novemba hadi Aprili, na kwa ndugu walioko Oman ni mara mbili, Mei na Juni, kisha Oktoba na Novemba, Gonu ya 2007 ilifika Juni, Shaheen ya 2021 Oktoba.

Pwani yetu hupata vimbunga kwa nadra kwa sababu iko karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuisokota dhoruba. Nadra si kamwe. Aprili 1872 kimbunga kiliteketeza mikarafuu ya Unguja, Aprili 1952 kingine kiliingia Lindi, Aprili 2019 Kenneth ilipiga Cabo Delgado, Msumbiji, karibu na mpaka wetu, Aprili 2021 Jobo ilidhoofika ikikaribia Dar es Salaam, na Mei 4, 2024 Hidaya ilifika Mafia. Itazame miezi hiyo. Aprili na mwanzo wa Mei, upepo wa kusi ukianza na watu wakidhani msimu umekwisha, ndipo tunapoguswa.

Ramani ya njia ya kimbunga ina umbo la pia ya kuchezea, linalopanuka. Umbo hilo linaonyesha mahali ambapo kitovu kinaweza kupita, halionyeshi upana wa upepo na mvua. Kuwa nje yake si usalama. Jua pia upande. Huku kusini mwa ikweta upepo huzunguka kitovu kwa mwendo wa mshale wa saa. Kimbunga kikitoka mashariki na kuelekea Mafia, walio kusini ya kitovu, Kilwa na Lindi, hupokea upepo wa kutoka baharini na maji yote yanayosukumwa nao, wakati walio kaskazini hupata upepo unaotoka bara. Ukiwa baharini bila mtandao, upe upepo mgongo: kitovu kiko mkono wako wa kulia.

Zikibaki saa 48 kimbunga kifike, boti isiwe mbele ya ufukwe ulio wazi. Iingize kwenye hori, mkono mdogo wa bahari, lenye mikoko, au ivute nchi kavu juu ya alama ya maji ya bamvua, ukatoe mashine. Ikibidi ibaki majini, weka nanga mbili na amari, kamba ya nanga, ndefu mara saba ya kina, na kina chenyewe ukipime kwa maji kujaa. Kosa la kawaida ni kupima wakati wa kupwa. Mahali penye mita nne za kupwa panaweza kuwa na nane kwenye bamvua. Ongeza mita moja ya kimo cha omo, zidisha kwa saba, unahitaji mita 63 za kamba, siyo zile 35 za kipimo cha kupwa. Asibaki mtu ndani.

Upepo ukishakata, mawimbi huendelea siku moja au mbili, na milango ya mwamba ndiyo ya mwisho kutulia. Subiri taarifa inayotaja mawimbi, siyo ile inayosema tu kimbunga kimepita.