Dishonored 2 kwenye kompyuta ya kawaida: steji zake na kuganda kwake ni jambo moja

Asalaam aleikum ndugu yangu wa Chake. Umeuliza mambo mawili: kama steji za Dishonored 2, ile gemu ya kunyata na kujificha, kweli zimezipita za ile ya kwanza, na kama laptop yako yenye kadi ya picha ya GTX 1050 na ram ya GB 8 itaibeba, maana wenzako wamekutisha kwamba gemu hii inaganda hata kwa wenye mashine za bei. Waliotangulia kukujibu wameligawa swali. Mmoja kachukua steji, mwengine kachukua kompyuta. Mimi nimeimaliza mara nne, tena kwenye mashine isiyopishana sana na yako, na naona umeuliza kitu kimoja. Kinachozifanya steji zile ziwe tamu ndicho hicho kinachoikamua kompyuta. Nivumilie, maneno ni mengi.

Nianze na kibe, ule mchezo wetu wa kujificha na kutafutana. Nimekulia Mji Mkongwe, upande wa Sokomuhogo, na tukitoka chuoni baada ya alasiri tulikuwa tunacheza kibe mpaka adhana ya magharibi. Aliyecheza kibe mule anajua kwamba vichochoro vile havinyooki. Hatua ishirini, thelathini, ukuta umepinda, na anayekufuata hakuoni tena. Unajibanza kwenye mlango mkubwa, unamsikia anapita, unarudi ulikotoka. Lakini ukikosea ukatokea Jaws Corner, umekwisha: njia kadhaa zinakutana pale, wazee wamekaa barazani na kahawa zao, kila jicho linakuona, na wazee wenyewe walikuwa hawachelewi kukuchongea. Sikukuu tukienda kwa binamu zetu Michenzani, kibe kilikuwa hakichezeki kabisa. Yale majumba marefu yamenyooka, ukisimama ncha moja unaona mpaka ncha ya pili. Tukaishia kucheza mpira.

Sasa jua hili: kompyuta nayo ina Sokomuhogo yake na Michenzani yake. Injini ya gemu, yaani programu inayoiendesha na kuichora, haichori kisichoonekana. Ukiwa kichochoroni, kila kilicho nyuma ya ukuta kinaachwa, kadi ya picha inapumua. Ukitokea mahali pa wazi ukaona bandari, mlima, madirisha mia na watu chini, vyote hivyo vinataka kuchorwa kwa mpigo mmoja. Ukuta unaokuficha wewe na mlinzi ndio unaoipumzisha mashine. Anayetengeneza steji ya gemu ya kunyata anagawa vitu viwili kwa mkono mmoja, maficho na mzigo.

Ile ya kwanza, ya mwaka 2012, ilitengenezwa kwa Unreal Engine 3 na ilitakiwa ikae pia kwenye PlayStation 3 na Xbox 360, mashine zenye kumbukumbu ya MB 512 kwa jumla. Ndiyo maana mji wa Dunwall umekatwa vipande vidogo vidogo na kila ukivuka mlango fulani unasubiri. Ule ufinyu uliwalazimisha wabuni wawe na nidhamu, na dhifa ya akina Boyle, ile ya vinyago, mpaka leo naihesabu kuwa moja ya steji bora nilizocheza. Ya pili ilitoka tarehe 11 Novemba 2016, imetengenezwa na studio ya Arkane huko Lyon, Ufaransa, kwa injini mpya waliyoiita Void, iliyochipuka kutoka injini ya kampuni ya id Software. Safari hii walilenga PlayStation 4 na Xbox One, zenye GB 8. Wakafungua mji. Mji wenyewe, Karnaca, umelala chini ya mlima, una jua na upepo, mitaa inapanda na kushuka, na karibu kila roshani inakupa upeo wa bahari. Nyumba nyingi zinaingilika: unapita dirishani ukakuta watu wanakula, unatokea darini, unarukia kwa jirani.

Kwa hiyo usishangae kwamba ilipotoka, wenye kompyuta walilalamika, hata wenye kadi kubwa. Fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde, zilikuwa zinapanda na kushuka hovyo. Viraka vya kuirekebisha vikatolewa, na gemu utakayoishusha leo si ile ya wiki ya kwanza. Lakini viraka havikuugeuza mji kuwa vichochoro. Misheni ya kwanza ya Karnaca, ile ya bandarini, bado ndiyo inayonikamua kuliko zote. Mashine yangu ni deski ya ofisini, mtumba, yenye prosesa ya i5 ya kizazi cha nne, niliyoipachika GTX 1050 Ti ya GB 4, kwa sababu kadi ile haihitaji waya wa ziada wa umeme na nguvu za mashine zile ni ndogo. Ndani ya kasri la Dunwall mwanzoni nilikuwa napata fremu 55 kwa sekunde. Nilipotia mguu bandarini Karnaca nikaanguka mpaka thelathini na kitu, na nikigeuza shingo haraka kuelekea mtaani, picha inasita kabisa.

Nikadhani nikifika kasri la Jindosh, yule mvumbuzi, ndiyo basi, kompyuta itazima. Hii ndiyo steji ambayo kila mtu anaisifia, na wameisifia kwa haki. Unavuta mkono wa chuma, sakafu inafunguka, meza inazama, ukuta unazunguka, na sebule uliyoizoea inageuka ukumbi mwengine mbele ya macho yako. Chumba kinageuka huku wewe umesimama ndani yake, na ukiwahi unaweza kupenya kwenye upenyo kabla ukuta haujafunga, ukajikuta ndani ya matumbo ya nyumba, kati ya magurudumu na nguzo, ambako hakuna mlinzi anayekuona. Na ikaenda vizuri! Fremu 50, haisiti. Nilikaa kitako nikafikiri, nikakumbuka Sokomuhogo. Kasri lile, pamoja na mashine zake zote, ni mahali palipofungika. Halina upeo. Kila ukumbi unaishia ukutani.

Ubuni wake umeniingia kwa sababu nyengine pia. Ile ya kwanza ilitufundisha sote tabia moja: mwendee mlinzi kwa nyuma, mkabe. Humu wamewekwa askari wa mashine, wa mbao na chuma, wenye macho mbele na kisogoni. Tabia uliyoijenga gemu nzima iliyopita inavunjwa na adui mmoja, wala hakuna maandishi yanayokwambia ufanye nini badala yake. Huu ndio mwendelezo ninaoutaka mimi, unaojua mchezaji amekuja na mazoea gani na unayatumia dhidi yake. Kuongeza silaha na mapande ya ramani ni rahisi kuliko hivyo.

Halafu kuna jumba la Stilton, tajiri wa machimbo, na hapa nakuomba usitazame video kabla hujacheza. Unaingia nyumba iliyooza, dari limebomoka, nzi wa damu wamejenga kila kona. Nguvu zako za uchawi zimezimwa. Unapewa kifaa kimoja tu: ukikikunjua kinatoa vipande vya kioo, na ukichungulia ndani ya vioo unaiona nyumba ile ile miaka mitatu nyuma, mahali pale pale uliposimama, taa zinawaka, zulia safi, mlinzi anapita. Unabonyeza, uko kule. Unabonyeza tena, umerudi kwenye magofu. Basi kunyata kwenyewe kunageuka: unasimama salama katika nyumba iliyokufa, unamtazama mlinzi wa zamani kupitia kioo, unangoja akupe mgongo, ndipo unavuka. Mlango uliofungwa leo ulikuwa wazi jana, na ngazi iliyoanguka leo jana ilikuwa imesimama.

Nilicheza steji hii kwa mara ya pili mwanzoni mwa 2021, wiki chache tu baada ya sehemu ya Beit el Ajaib kuporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Nilikuwa napita Forodhani kila siku naona vifusi vya jumba lililosimama tangu 1883. Usiku nakunjua kile kioo, naona ukumbi mzima na taa zake, nakifunga, naona magofu. Sijawahi kuguswa na gemu namna ile. Nilikaa sana na kile kioo mkononi bila ya kwenda popote.

Na hapo hapo kompyuta inalipa. Kioo kikiwa wazi, mashine inachora nyumba mbili ndani ya picha moja, ya leo pembeni na ya zamani katikati. Kwangu ilikuwa inashuka kutoka 50 mpaka 35 hivi. Nikajifunza kukikunjua pale tu ninapohitaji kuchungulia, kisha nakifunga na kutembea. Fanya hivyo, itakusaidia.

Misheni ya mtaa wa vumbi nitaipitia kwa haraka. Tufani za vumbi kutoka machimbo ya fedha zinakuja na kuondoka, na zikija walinzi hawaoni mbali, nawe pia huoni. Ni wazo zuri. Ila mtaa wenyewe naona ni mkubwa kuliko unavyohitaji, na kule mwisho kuna kufuli la fumbo ambalo jibu lake linabadilika kila ukianza gemu upya, kwa hiyo usipoteze muda kutafuta jibu la mtu mwengine. Chukua kalamu na karatasi, linafumbulika kwa akili tu. Hadithi ya Delilah, mchawi ambaye ndiye adui mkuu, nayo haikunishika. Mimi nilikuwa pale kwa ajili ya nyumba.

Sasa laptop yako. Masharti ya chini yaliyotangazwa ni prosesa ya i5-2400, ram GB 8, GTX 660 ya GB 2, na nafasi ya GB 60 kwenye diski. Yaliyopendekezwa ni i7-4770, ram GB 16 na GTX 1060 ya GB 6. Wewe uko juu kidogo ya kizingiti kwa kadi, na kwa ram uko kwenye kizingiti chenyewe. Anza na ram. Mimi niliongeza kipande cha pili cha GB 8, na hakuna nilichobadilisha kilichonisaidia kuliko hicho: wastani wa fremu haukupanda sana, lakini ule mshtuko wa picha kusimama nusu sekunde ukaondoka karibu wote. Cha pili, iweke kwenye SSD, diski isiyozunguka. Steji hizi zinasoma vitu kwenye diski wakati unatembea, na diski ya kuzunguka haiwahi.

Usidanganywe na wastani. Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila picha ina milisekunde 16.7, na 30 ni milisekunde 33.3. Mashine inayokupa 60, halafu 34, halafu 58, ni mbaya kuliko inayokupa 30 isiyotikisika. Na kwenye gemu ya kunyata ubaya wake ni wa namna yake. Katika gemu ya mbio za magari, ukikwama unapoteza nafasi moja. Hapa umenyata dakika arubaini hujaonekana na mtu, umemkaribia mlinzi, unavuta mkono wa kivuli wa Emily, mhusika unayemchezesha, kurukia roshani, picha inasita kidogo tu, unaangukia katikati ya watu wanne. Kwa hiyo funga fremu kwenye 30, shusha resolusheni, yaani idadi ya nukta za picha, kwanza, kisha vivuli. Teksicha, yaani zile ngozi za kuta na nguo, ziache za wastani kama kadi yako ni ya GB 4. Ikiwa ni ya GB 2, zishushe. Kisha sevu kila baada ya hatua chache, hakuna aibu.

Jengine ni joto, na hili watu wa huko bara hawalijui kama tunavyolijua sisi. Miezi ya kaskazi hewa ni nzito, na laptop ikichemka inajipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Utaona nusu saa ya kwanza inakwenda, kisha inaanza kuganda, unailaumu gemu. Ifungue au mpe fundi unayemwamini, asafishe feni. Ukikaa karibu na bahari, chumvi na vumbi vinashikana mule kama udongo. Iinue kwa nyuma ipate pumzi. Na usicheze kwa betri, kadi inapunguzwa nguvu hapo hapo hata ikiwa imejaa.

Kuhusu kuishusha, GB 60 kwa bando la simu ni hasara tupu. Mimi nilimpa shemegi yangu diski ya nje akaenda nayo Dar, akaishusha huko kwa akaunti yangu kwenye intaneti ya waya, akarudi nayo kwa boti ya saa kumi. Niliinakili, programu ikaikagua, ikashusha vidogo vilivyobaki.

La mwisho, kwa kuwa umesema unapenda kumaliza bila kuonekana. Ukiingia kasri la Jindosh, ukumbi wa kwanza kabisa kuna ule mkono wa chuma, na ukiuvuta tu mwenye nyumba anajua umefika na anaanza kukusemesha. Usiuvute. Simama, tazama juu. Kuna kioo.