Hakuna kalsiamu ya kumtuliza mtoto anayelia miguu usiku

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka 5 na kilo 16. Yapata miezi miwili sasa, mara mbili au tatu kwa wiki, anaamka kati ya saa nne na saa sita usiku akilia, ameshika mapaja na nyuma ya magoti. Nikimchua miguu yote kwa mafuta ya nazi kama robo saa, analala. Asubuhi anakimbia na wenzake kama si yeye aliyelia. Hana homa. Duka la dawa waliniambia mifupa yake inakua haraka kuliko kalsiamu anayoipata, wakanipa vidonge vya kutafuna vya mwezi mzima. Vimeisha, nafuu sijaiona. Sasa wanasema aongezewe dozi na achomwe sindano 3. Naomba kujua, kalsiamu ipi ni nzuri, ya maji au ya vidonge? – Mama, Tabata

JIBU: Marahaba, mama. Hakuna iliyo nzuri, kwa sababu kalsiamu sio tatizo la mwanao.

Umejieleza vizuri kuliko faili nyingi za rufaa ninazopokea. Miguu yote miwili, usiku tu, akichuliwa analala, asubuhi anakimbia. Hayo ndiyo yanayoitwa maumivu ya ukuaji. Huwapata watoto wa kati ya miaka 3 na 12, huja na kupotea kwa miezi, wakati mwingine kwa miaka, kisha huisha yenyewe. Mtoto hadanganyi wala hadeki, anaumwa kweli.

Ila jina hilo ndilo lililotuponza. Lilianzia kwa daktari mmoja Mfaransa mwaka 1823, miaka mingi kabla ya eksirei kugunduliwa, na likatuganda. Ukuaji wenyewe hauhusiki. Mtoto hukua kwa kasi kubwa kabisa mwaka wake wa kwanza, anapoongezeka sentimita 25 hivi, halafu tena anapobalehe. Wa miaka 5 huongezeka sentimita 6 au 7 tu kwa mwaka. Ukuaji ungekuwa unauma, wachanga wasingelaza mtu. Tena mfupa mrefu hurefuka kwenye ncha zake, jirani na maungio, na mwanao anashika katikati ya paja. Chanzo hasa bado kinajadiliwa. Wengi wetu tunashuku misuli iliyochoka, maana maumivu hupenda kuja usiku wa siku ambayo mtoto ameshinda anakimbia.

Sasa hiyo kalsiamu. Siku ya kliniki haipiti bila mzazi kufungua mkoba na kunitolea chupa yake. Hoja ni ileile: mfupa umejengwa kwa kalsiamu, mguu una mfupa, mguu unauma, basi kalsiamu imepungua. Ni sawa na fundi kukwambia gari limezima kwa hiyo liongezewe bati, kwa kuwa limeundwa kwa bati. Upungufu halisi wa kalsiamu au wa vitamini D una sura yake: matege, vifundo vya mikono vilivyotanuka, mtoto aliyechelewa kutembea au anayeyumba kama bata, na kwa mtoto mchanga hata degedege. Huyo hatibiwi kwa vidonge vya kutafuna vya kubahatisha, anapimwa. Mtoto anayeshinda juani akicheza, anayekunywa maziwa au mtindi na kula dagaa pamoja na mifupa yao, kalsiamu anayo. Na supu ya kongoro, ambayo bibi wengi huisifia kwa miguu, mnywesheni kwa utamu wake tu. Mfupa hautoi kalsiamu ya maana kwa kuchemshwa.

Kalsiamu peke yake ingekuwa hasara ya pesa, ningenyamaza. Kinachonikosesha usingizi ni hizo sindano 3.

Je, uliuliza ni sindano za nini? Mara nyingi ni diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu. Mtoto wa miaka 5 ambaye maumivu yake yanaondoka kwa kuchuliwa hana sababu hata moja ya kuchomwa diklofenaki. Makalio ya mtoto ni madogo, na mshipa mkubwa wa neva unaokwenda mguuni unapita humohumo. Sindano ikiugusa, mtoto aliyeletwa kwa maumivu ya miguu anaondoka anaburuta mguu. Jirani zetu wa Uganda wanalijua hili kwa uchungu: wana watoto waliopooza mguu, na wengine ambao misuli ya makalio imekakamaa hawawezi kuchuchumaa, yote kutokana na sindano za makalioni, nyingi zikiwa za kwinini. Duka la dawa muhimu halina ruhusa ya kuchoma mtu sindano. Anayekuchomea mtoto nyuma ya pazia analijua hilo fika, ndiyo maana akaweka pazia.

Mbaya zaidi ni pale diklofenaki inapochanganywa na deksamethasoni, au mama anapopewa kibahasha kisicho na jina chenye vidonge vidogo vyeupe ambavyo ni predinisoloni. Hizi ni dawa za jamii ya steroidi. Ni dawa nzuri mno mahali pake. Kwa mtoto mwenye pumu iliyombana naziandika bila kusita. Lakini steroidi huzima karibu kila maumivu, na kwa hiyo muuzaji huonekana bingwa. Saratani ya damu kwa mtoto huweza kuanza hivihivi, kwa maumivu ya miguu usiku. Steroidi ni sehemu ya tiba yake, ila hutolewa pamoja na dawa nyingine, kwa mpango, baada ya ugonjwa kuthibitishwa. Ukimpa peke yake kidogokidogo, chembe za saratani zinapungua kwa muda, mtoto anachangamka, vipimo vinasoma vizuri, na ugonjwa unarudi baadaye ukiwa mgumu zaidi kutibu. Nimempokea mtoto ambaye miguu yake "ilipona" mara tatu kwa sindano za mtaani. Alipofika kwangu viganja vilikuwa vimepauka kama karatasi.

Sikuambii haya ili ukimbilie kudhani mwanao ana saratani. Kwa maelezo yako, hana dalili zake. Nakuambia kwa sababu wanaosoma hapa wana watoto wengine, na wengine hao maelezo yao hayafanani na yako.

Kipimo changu cha kwanza hakihitaji maabara, ni mkono wa mama. Mtoto mwenye maumivu ya ukuaji anataka ashikwe, achuliwe, anakuelekeza "hapa mama". Mwenye usaha kwenye mfupa au kwenye ungio hataki hata shuka limguse. Akikataa kuguswa, akakataa kukanyaga, na ana homa, usisubiri kupambazuke: ungio la nyonga lenye usaha huharibika ndani ya siku chache. Cha pili ni asubuhi. Akiamka anachechemea, hayo si maumivu ya ukuaji hata kama usiku wake yalifanana nayo. Yakiwa mguu mmoja tu, mahali palepale kila usiku, apigwe picha ya eksirei. Kwa vijana wanaobalehe, uvimbe unaoanza juu au chini kidogo ya goti nauogopa sana, na huo ndio unaocheleweshwa kwa kukandwa na kuchanjwa chale mpaka goti linakuwa kama boga. Mtoto anayepungua uzito, anayepauka, anayetokwa na alama za damu kuvilia chini ya ngozi bila kuanguka, anayelalamika mgongo, naye apelekwe hospitali wiki hiyohiyo.

Halafu kuna selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Nchi yetu inakadiriwa kupata takriban watoto 11,000 kila mwaka wanaozaliwa nayo, na wengi wameambiwa wana baridi yabisi au taifodi miaka nenda rudi. Maumivu ya selimundu hayaondoki kwa robo saa ya mafuta, hukaa siku kadhaa, huamshwa na baridi, homa au kukosa maji, na macho ya mtoto huwa ya manjano. Kwa mdogo wa chini ya miaka 2, huanza kwa viganja na nyayo kuvimba. Kama mwanao hajawahi kupimwa selimundu, mpime mara moja ujue. Si kwa sababu ya usiku wake huu, ila kwa sababu kila mtoto wa hapa anastahili kujulikana.

Kwa usiku wa leo endelea na unachokifanya. Mchue, muwekee kitambaa cha maji ya uvuguvugu, mnyooshe miguu taratibu kabla ya kulala, hasa siku aliyocheza mpira kutwa. Usiku ukiwa mgumu, mpe parasetamoli ya maji. Kwa kilo 16, ile yenye miligramu 120 kwa kila mililita 5, ni mililita 10, na usirudie kabla ya masaa 6 kupita tangu umpe. Angalia maandishi ya chupa, kwa sababu zipo zenye nguvu zaidi. Asipirini usimpe mtoto kamwe.

Mlete kliniki siku ya kawaida, mchana, tumwone akitembea na akikimbia, tumshike miguu, tumpime uzito na wingi wa damu. Picha ya eksirei sidhani kama ataihitaji. Na kama tangu uandike barua hii umeshampa kitu kingine chochote, njoo na boksi au kibahasha chake, hata kama kimebaki kitupu. Usikifiche kwa kuogopa kugombezwa. Wa kugombezwa ni aliyekuuzia, na nikikijua kilichomo nitajua damu yake niisomeje.