Mafuta ya nazi kwenye paipu: yatatiririka kwa utulivu hadi wapi?

Swali: Salaam aleikum, mhandisi. Nakamua mafuta ya nazi hapa Kisauni. Pampu yangu hujaza mtungi wa lita 20 kwa sekunde 30, kupitia paipu yenye kipenyo cha ndani cha milimita 25. Nitajuaje kama mafuta yanapita kwa utulivu au yanavurugika? Na nikiyapasha moto hadi nyuzi 80 ili niyachuje?

Jibu: Waaleikum salaam, fundi. Kipimo chake ni namba ya Reynolds. Chukua densiti (uzito wa mafuta kwa kila mita ya ujazo), zidisha kwa kasi, zidisha kwa kipenyo cha ndani, kisha gawanya kwa mnato, yaani uzito wa mafuta katika kutiririka. Ikiwa chini ya 2,000, mtiririko ni tulivu: tabaka linateleza juu ya tabaka, na vurugu inayoletwa na elbo au vali hufifia yenyewe. Ikipita 4,000, hesabu kwamba ni msukosuko. Katikati hapo usipategemee, kwani mtiririko hugeukageuka.

Lita 20 kwa sekunde 30 ni lita 40 kwa dakika. Katika paipu yako hiyo ni kasi ya mita 1.36 kwa sekunde. Mafuta ya nazi kwenye nyuzi 30 yana densiti ya kama kilo 915 kwa mita ya ujazo, na mnato wa takriban 0.04 Pa·s (paskali-sekunde, kipimo cha mnato). Jibu ni karibu 780. Ni tulivu kabisa, na shinikizo litakalopotea kwa msuguano ni kama kilopaskali 2.8 kwa kila mita ya paipu iliyonyooka.

Moto ndio unaobadilisha mambo. Kwenye nyuzi 80 mnato hushuka hadi karibu 0.01, na namba inaruka hadi 3,000 hivi, ilhali pampu na paipu ni zile zile. Ukitaka utulivu ubaki, punguza mkondo hadi lita 25 kwa dakika, au weka paipu ya milimita 40. Kwa vyovyote utashuka chini kidogo ya 1,900. Wengi hukosea hapa: wakiona kipenyo kinazidishwa, hudhani paipu pana huongeza msukosuko. Kwa mkondo ule ule, paipu ikipanuka mara mbili kasi hushuka mara nne, kwa hiyo namba hupungua nusu.

Kosa jingine ni vipimo. Mnato ukiandikwa 40 mPa·s (sehemu za elfu za Pa·s), weka 0.04 kwenye hesabu, si 40. Na usitumie kipenyo cha nje kilichochapishwa kwenye paipu. Pima tundu lenyewe.

Ukisafisha paipu hiyo kwa maji ya nyuzi 30 kwa mkondo huo huo, namba hupita 42,000. Msukosuko huo unakufaa, kwa sababu ndio unaosugua kuta. Maji kwa kawaida hayatulii: kwenye paipu ya milimita 15, yangetulia tu kama mtungi wako wa lita 20 ungechukua karibu dakika 18 kujaa.

Angalia pia usiku wa Julai, kusi ikivuma. Mafuta ya nazi huanza kuganda yakishuka chini ya nyuzi 25 hivi, na hapo hesabu hii haifai tena. Yatoe yote kwenye paipu kabla ya kuzima pampu, la sivyo asubuhi utaikuta imeziba.