Kijapani cha mtaani: sikiliza kinavyokatwa

Ukifika Japani na Kijapani cha kitabuni, utaelewa tangazo la treni na usiambulie kitu kwa vijana wawili waliosimama mbele yako. Wengi hapo hukimbilia orodha za misimu, yaani maneno ya mitaani, mtandaoni. Mimi siwashauri. Sehemu kubwa ya unachokiona kigeni ni maneno unayoyajua tayari, ila yamekatwa.

Masikio yangu yalifunguka jikoni mwa baa nilikokuwa naosha vyombo jioni. Wapishi walisema "shiranee", kumbe ni "shiranai", sijui. "Sugoi" (ajabu, kali) huwa "sugee", "itai" (inauma) huwa "itee". Ukishajua kwamba ai na oi za mwisho wa sifa na vikanushi hugeuka ee, hasa kwa wanaume, utayatambua maneno mengi ambayo hukuwahi kufundishwa. Halafu "tabete iru" (anakula) inakuwa "tabeteru", "tabete shimatta" (amekula kabisa) inakuwa "tabechatta", "ikanakereba" (sharti niende) inakuwa "ikanakya". Hayo mawili matatu ya mwisho si misimu hata kidogo, bibi kizee anayasema sokoni, kama sisi na "saivi" yetu.

Misimu yenyewe ni michache kuliko unavyodhani. Ukisikia "maji?" usimletee mtu glasi, anauliza "kweli?" "Yabai" zamani ilikuwa ya hatari na balaa tu. Leo supu tamu ni yabai, na kukosa treni ya mwisho ni yabai vilevile, kwa hiyo mtazame msemaji usoni. Ukihamia Osaka jiandae upya: huko "honma" ndiyo kweli, "akan" ni haifai, na McDonald's wanayoiita "Makku" Tokyo inaitwa "Makudo". Kwenye simu, herufi w ni kicheko. Zikipangwa nyingi zinafanana na majani, ndiyo maana vijana huandika "kusa", nyasi.

Neno usilolijua liandike kwa hiragana, herufi za Kijapani za silabi, vile ulivyolisikia, ukisie umbo lake kamili, ndipo umuulize mwenzako wa rika lako. Kamusi nyingi hazitakusaidia na "shiranee". Kulisema ni habari nyingine. "Uzee" (unaniudhi) na "omae" (wewe) hupita kati ya marafiki, lakini kwa bosi ni utovu wa adabu, hata kama yeye anakuambia hivyo kila siku. Kwake endelea na desu na masu, miishio ya adabu uliyofundishwa kitabuni.