Boksi la Kifungua Kinywa Lenye Kesi ya Ardhi Ndani

Safu hii inajibu barua za wasomaji kuhusu sanaa na ufundi wa mikono. Picha za maboksi ya Sonny Assu, msanii wa Kanada, zimezunguka sana katika makundi ya walimu na mafundi wa mkoa wa Kigoma na Tabora, na barua nyingi zimegusa jambo hilo. Tumechagua sita.

Mimi ni mwalimu wa sanaa wa sekondari, Mwanga, Kigoma. Wanafunzi wameona maboksi matano ya nafaka ya kifungua kinywa yanayosemekana ni kazi ya msanii mwenyeji wa Kanada. Wanabishana kama hiyo ni sanaa au ni tangazo tu. Niwajibu nini?

Mwalimu, ni sanaa, ila tangazo ndiyo chambo yake. Sonny Assu alizaliwa mwaka 1975 na ni wa jamii ya Ligwilda'xw, miongoni mwa mataifa ya Kwakwaka'wakw wa pwani ya magharibi ya Kanada. Maboksi hayo, yanayoitwa Breakfast Series, ni ya mwaka 2006. Kila moja lina inchi 12 kwa 7 kwa 3, yaani kimo na upana wa boksi la kawaida la dukani. Kipimo hicho ni sehemu ya mtego: ukisimama mbali kidogo huoni kazi ya sanaa, unaona rafu ya duka.

Sogea sasa. Yule simbamarara maarufu wa nafaka za watoto yupo, lakini mwili wake umejengwa kwa mistari ileile wanayochongea nguzo na vinyago vya kwao. Jina la boksi ni Treaty Flakes. Huo "treaty" ni mkataba, ile mikataba ya kuwahamisha watu kwenye ardhi yao. Boksi jingine, Lucky Beads, linakuahidi kiwanja cha bure ndani ya kila pakiti. Watoto wa kule wamezoea kukuta kichezeo ndani ya boksi. Hapa zawadi ni ardhi, na jina la bidhaa ni shanga, bidhaa ambayo wafanyabiashara wa Ulaya walizunguka nayo dunia nzima. Waulize wanafunzi wako: ni nani anayegawa kiwanja, na kiwanja chenyewe ni cha nani?

Mwaka uleule alitengeneza boksi la taa lenye mwandiko na utepe mweupe wa Coca-Cola, lakini maneno yanakukaribisha ufurahie ardhi ya Coast Salish, wenyeji wa eneo la Vancouver, mji uliojengwa juu ya ardhi ambayo hawakuwahi kuiachia kwa mkataba. Kuna pia kazi yake iitwayo 1884/1951: vikombe 67 vya shaba vyenye umbo la vikombe vya kahawa vya kunywa na kutupa. Sheria ya kupiga marufuku potlatch, sherehe ambayo mkubwa hugawa mali mbele ya mashahidi ili majina na haki za ukoo zitambulike, ilipitishwa mwaka 1884 na ikaondolewa mwaka 1951. Toa, utapata 67. Kwao shaba ni mali ya heshima kuu. Kikombe cha kahawa ni taka. Wapeni wanafunzi namba hizo tu, bila maelezo, waone watafika wapi.

Ninachora mabango na ubavu wa boti, Ujiji. Niliiga mistari ya huyo Assu nikaiweka kwenye pakiti ya dagaa. Watu wamecheka, wanasema nimechora bundi. Nimekosea wapi?

Umekosea mara mbili, fundi, na kosa la pili ni kubwa kuliko la kwanza.

La kwanza ni la mkono. Mistari ile ina sarufi yake. Mstari mkuu, mara nyingi mweusi, huvimba katikati na kusinyaa unapokutana na mwingine. Hauna unene mmoja kama bomba. Nyekundu hufuata kama rangi ya pili, na buluu-kijani hujaza kwa uchache. Jicho na maungio ya mwili huwekewa umbo la yai lililobonyea upande wa chini. Ukichora macho yote duara kamili na mistari yote ya unene mmoja, bundi ndiye anayetokea.

La pili: picha zile zina wenyewe. Kwa watu wa pwani ile, nembo ya mnyama ni mali ya ukoo, na haki ya kuionyesha hurithiwa au hutolewa hadharani. Assu anachora vya kwao. Kwa hiyo usimwazime mstari, mwazime swali: ni kitu gani cha dukani kinachoweza kubeba jambo lililowapata watu wa kwenu?

Na hapo Ujiji umekalia hazina. Karne ya 19 soko lenu lilitumia shanga ziitwazo sofi kama chenji. Zilifanana na vipande vya mrija wa kiko uliovunjika. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya kilo 30 hivi kila mmoja kati ya Tabora na pwani, na malipo yao yalihesabika kwa shanga, kaniki na merikani, kitambaa kilichobeba jina la nchi kilikofumwa. Merikani ilikuwa chapa kabla hatujawa na mabango. Kisha Buha, nchi ya Waha: vijana walichukuliwa kwenda mashamba ya katani wakaitwa manamba, kwa namba walizopewa, na kuanzia mwaka 1944 wakulima wa mkonge walikuwa na ofisi yao ya kukusanya vibarua, SILABU.

Tukichagulia mtu mmoja kazi ya kuanzia, tungechagua vocha ya kukwangua. Kila mtu anaijua. Chini ya rangi ya fedha, badala ya namba ya kuongezea salio, anakuta namba ya manamba. Namna ya kuitengeneza: chapisha namba kwenye kadi ngumu, funika sehemu hiyo kwa selotepu pana inayoonyesha kilicho chini yake, kisha paka mchanganyiko wa vijiko 2 vya rangi ya akriliki ya fedha na kijiko 1 cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Paka mikono miwili au mitatu, kila mmoja ukauke kabisa kabla ya mwingine. Usipoweka selotepu, rangi huzama kwenye karatasi na anayekwangua anachana namba yenyewe. Sabuni ikipungua rangi haikwanguki. Ikizidi inabanduka ngozi nzima kwa mkupuo, na raha ya kukwangua imekwisha.

Mapambo ya pembeni yatoke kwa wasusi wa vikapu wa kwenu, na msusi ajue yanakwenda wapi na alipwe. Ukitaka kibangwa, lile duara la ganda la kombe walilovaa watemi wa Unyamwezi, nenda kwanza kwa wazee wa ukoo husika. Hilo halikuwa pambo la kila mtu.

Nataka kutengeneza boksi langu la mfano, niko Kasulu. Stationeri ya hapa inachapa mwisho A3. Boksi langu limekataa kuingia, na nilipolipunguza likachanika rangi kwenye mikunjo.

Boksi la inchi 12 kwa 7 kwa 3 haliwezi kuingia A3. Hesabu upana wake ukiwa wazi: mbele sentimita 17.8, ubavu 7.6, nyuma 17.8, ubavu 7.6, na ulimi wa gundi 1.5. Jumla ni 52.3, wakati A3 ina 42.

Tumia kimo sentimita 20, upana 12 na kina 5. Ukiwa wazi unapata 12 + 5 + 12 + 5 + 1.5, yaani 35.5. Kwa wima, kimo 20 pamoja na vifuniko vya sentimita 4 juu na chini ni 28. A3 ina 29.7, na printa nyingi huacha ukingo mweupe wa milimita 4 hadi 5 kila upande, kwa hiyo unabaki na nafasi ndogo lakini ya kutosha. Vifuniko vya mbele na vya nyuma vya sentimita 4 vitapandana juu ya kina cha 5, gundi itashika vizuri. Usiongeze vifuniko hadi 5: jumla itafika 30 na vitakatwa.

Faili iwe ya nukta 300 kwa inchi, maana yake A3 nzima ni nukta 4961 kwa 3508. Picha iliyochukuliwa WhatsApp haifiki hapo. Herufi ndogo za "viambato" ubavuni zitatoka na ukungu, na kwenye kazi ya aina hii herufi hizo ndizo zenye sumu. Rangi ya nyuma ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3, la sivyo mkasi ukiyumba utaona uzi mweupe.

Kuchanika kwenye mikunjo ni tabia ya printa za unga: unga hukaa juu ya karatasi kama ganda, na ukikunja kadi ya gramu 250 kavukavu ganda linapasuka. Kabla ya kukunja, pitisha kalamu ya wino iliyokwisha kando ya rula ya chuma, upande wa ndani, mara mbili bila kukandamiza mno. Kisha kunja polepole ukitumia ukingo wa rula. Panga pia uelekeo wa nyuzi: kunja kipande kidogo cha karatasi kwa wima na kwa mlalo, upande unaokunjika bila kukwaruza ndio uelekeo wa nyuzi, na mikunjo minne mirefu ifuate huo. Weupe ukitokea hata hivyo, pitishia kalamu ya rangi inayofanana.

Ndani weka kiini cha fomubodi au kadibodi ya boksi iliyokatwa sentimita 19.8 kwa 11.8, vipande viwili, mbele na nyuma. Bila kiini boksi tupu huvimba tumbo msimu wa mvua.

Nimeona kazi za Brian Jungen, msanii mwingine wa Kanada, za viti vya plastiki. Nimekata viti vibovu niunde kiti cha enzi, Ng'ambo, Tabora. Supaglu inashika siku moja tu halafu vinaachia.

Viti hivyo ni polipropilini. Geuza kiti, tafuta pembetatu yenye namba 5 au herufi PP. Uso wake una utelezi wa asili na gundi za kawaida hazipati pa kujishika; hata ukisugua kwa msasa utaongeza siku chache tu. Funga kwa boliti za M4: toboa tundu la milimita 4.5, weka washa pana pande zote mbili, kaza hadi washa iguse kisha nusu mzunguko. Ukizidisha, plastiki hupasuka kuanzia kwenye tundu. Tundu lisiwe chini ya sentimita 1.5 kutoka ukingoni. Au unganisha kwa moto, kwa kijiti kilichokatwa kutoka kiti hichohicho, maana plastiki ya aina nyingine haichanganyiki nayo. Fanya nje, penye upepo. Kiti kilichokaa juani miaka hadi kikatoa vumbi jeupe kiache, kitavunjika ukikitoboa.

Jungen, aliyezaliwa 1970 na ambaye mama yake ni wa Dane-zaa, jamii nyingine ya wenyeji wa Kanada, aliunda mifupa ya nyangumi kwa viti hivi, mojawapo ikiwa Cetology ya 2002. Viti vyeupe vikawa mfupa, na mfupa ukakaa kama kwenye jumba la makumbusho. Wewe unaunda kiti kwa viti, jambo gumu zaidi, kwa kuwa mtazamaji atataka kukalia. Mtemi hakukaa kama mteja wa mgahawa: egemeo la viti vya enzi vya Kinyamwezi liliinuka likabeba sura ya mtu. Acha mihuri ya kiwanda ionekane hapohapo kwenye egemeo. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, na egemeo lenye jina la kiwanda linaongea lenyewe.

Vinyago vya Jungen vya viatu: raba za mitumba zinafaa? Urambo.

Zinafaa sehemu ya juu tu. Jungen alifumua viatu vya Air Jordan vyekundu, vyeusi na vyeupe, akavishona upya kuwa vinyago 23 kati ya 1998 na 2005, na 23 ndiyo namba ya jezi ya Michael Jordan. Soli za raba za zamani zenye sponji ya poliuretani hunyonya unyevu na kumeguka kama mkate mkavu, hivyo zitupe. Kata nyuzi kwa wembe, usichane ngozi. Rudisha sindano kwenye matundu ya zamani, kwa msharasi na uzi wa nailoni uliopakwa nta. Tundu jipya kando ya la zamani hukata ngozi kama stempu.

Nikitumia nembo ya kampuni, nitashtakiwa? Na nikiandika TBS kwenye boksi ili lionekane la kweli? Nzega.

La TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ni rahisi: usithubutu. Kutumia alama ya ubora bila leseni ni kosa, hata kama boksi ni tupu. Msimbo wa mistari pia usinakiliwe kutoka bidhaa halisi. Chora mistari yako.

Nembo za biashara zinalindwa na sheria ya mwaka 1986, na michoro ya pakiti inaweza kulindwa na Sheria ya Hakimiliki Na. 7 ya mwaka 1999. Usijipe moyo kwa kuwa Assu alifanya: yeye yuko chini ya sheria za Kanada, ambazo tangu 2012 zinataja kejeli na mzaha miongoni mwa matumizi yanayoruhusiwa. Hapa kwetu njia salama ni kubuni bidhaa yako. Chukua familia ya rangi na mpangilio, kama vile nyekundu, duara la njano na picha ya mtoto anayecheka, bila kunakili nembo, jina wala katuni ya kampuni yoyote. Usitie ndani kitu cha kuliwa, usiuze dukani kando ya bidhaa halisi, na chini ya boksi andika jina lako, mwaka na "kazi ya sanaa, nakala 3 kati ya 10". Kazi iliyokamilika isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla ya kuweka picha mtandaoni.